Mafunzo ya ujasiriamali Mbeya na Iringa: baada ya cheti, nani anamfuata mfanyabiashara gengeni?

Mwezeshaji_Uyole

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa watu wa Rungwe na Kyela.

Kazi yangu ni kuwezesha mafunzo ya biashara kwa watu wa mitaji midogo, zaidi Mbeya mjini, Mbalizi na Uyole, na wakati mwingine Iringa na Kilolo. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniumiza. Wanawake na vijana wa kanda yetu wanaitwa ukumbini, wanafundishwa sabuni ya maji, batiki, mishumaa na keki, wanapewa cheti, wanapigwa picha, wanarudi nyumbani. Ukipita mtaani miezi michache baadaye unawakuta wengi wako pale pale. Sabuni ya maji imejaa kila kona kwa sababu wote walifundishwa kitu kimoja, na mnunuzi wanayemtegemea ni jirani ambaye naye alikuwa ukumbini.

Sabuni si mbaya. Ila hiyo ni stadi ya kutengeneza bidhaa, na watu wanaambiwa wamefundishwa biashara. Biashara ni kujua nani ananunua, lini ana hela, bidhaa imenigharimu kiasi gani mpaka inafika mkononi mwake, na katika hela iliyo mfukoni ipi ni yangu na ipi ni ya mzigo wa kesho. Haya hayaishi kwa siku tatu za semina. Yanafundishika pale pale mtu anapouzia, kwa daftari lake mwenyewe, akiwa na mtu wa kumfuata wiki baada ya wiki.

Chukueni mama anayeuza viazi kwa sado, kile kindoo cha kupimia, pale Mwanjelwa. Tarakimu nitakazotumia ni za kufundishia, kila mtu aweke za kwake. Tuseme gunia amelichukua kwa 80,000. Jioni ya siku ya pili amemaliza, ana 98,000 mkononi. Muulize amepata ngapi, atakujibu bila kusita: kumi na nane. Sasa kaeni chini mwandike. Usafiri kutoka gunia lilipoteremshwa, 5,000. Mbebaji, 1,500. Ushuru wa siku mbili, 1,000. Mifuko, 1,500. Gunia halikumgharimu 80,000 tena, limemgharimu 89,000, na alichopata ni 9,000 kwa siku mbili. Na kama kuna sado zilizooza, zimeshajihesabu zenyewe, kwa kuwa hazikuleta hela.

Akichukua 18,000 yote akanunua unga, mafuta na madaftari ya watoto akiamini anakula faida, basi 9,000 kati ya hiyo ameikata kwenye gunia linalofuata. Akirudia hivyo mara tisa, gunia zima limeliwa. Siku hiyo atasema amepigwa chuma ulete, ule uchawi wa kuiba hela, na nimewasikia wengi wakisema hivyo kwa machozi kabisa. Nawaheshimu kwa imani zao, lakini tulipofungua daftari pamoja, hela iliyopotea tuliiona ilikopitia.

Hapo sijagusa lumbesa. Wakala wa Vipimo unataka gunia la mazao ya shambani lisizidi kilo 100, na wote tunajua magunia yanayoshuka kutoka Isyonje na Njombe yamevimba kichwa namna gani. Mkulima anapunjika, hilo linasemwa kila mwaka. Linalosahaulika ni kwamba muuzaji wa rejareja naye hajui amenunua nini. Lumbesa la leo linatoa sado 30, la kesho 34, na bei ya sado ameipanga kwa kumtazama jirani. Mtu wa namna hii ukimfundisha "mpango wa biashara wa miaka mitatu" unamchosha. Mfundishe kuhesabu sado za kila gunia na kuziandika kwa wiki mbili, atakuja mwenyewe kukwambia ni mkulima gani asinunue tena kwake.

Na kuna suala la majira. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Mahindi yakishavunwa, mpunga wa Kyela na Usangu ukishauzwa, kahawa ya Mbozi ikishalipwa, hela inaonekana. Januari ni ada, sare na palizi, kila mfuko umekauka. Muuza vitenge wa Mbalizi anayekopa Desemba kwa marejesho ya kila wiki ameshaanza na mguu mbaya hata kama ana akili ya biashara kuliko mimi. Sijaona semina yenye kalenda ya mavuno ukutani, nami naiona ni somo la kwanza.

Wenzetu wameshapima mambo haya. Dandora, Nairobi, watafiti waliwagawa wanawake vijana wenye biashara ndogo: wengine wakaingia darasani, wengine wakaunganishwa na mfanyabiashara mkubwa kidogo wa mtaa ule ule awaongoze. Matokeo yalichapishwa 2018. Walioongozwa faida yao ilikuwa juu kwa takribani 20% kuliko wasiopata chochote, na wa darasani kwa wastani hawakuongeza faida. Kilichowasaidia ni taarifa za pale pale, kwa mfano wapi mzigo unapatikana kwa bei nafuu. Na mahusiano yale yalipokufa, faida nayo ikashuka. Lomé, Togo, utafiti wa wafanyabiashara 1,500 uliochapishwa 2017 ulilinganisha mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko na mafunzo ya kumjengea mtu hulka ya kuanza jambo kabla hajasukumwa, kutafuta tofauti, kupanga na kutokata tamaa. Ya pili yaliongeza faida kwa 30%. Ya kawaida yalitoa 11%, kiwango ambacho kitakwimu hakikutosha kuthibitisha kitu.

Naomba tujadili kwa kina, hasa ninyi mlio sokoni. Mnafundishwa nini, na mngependa mfundishwe nini?

Genge_la_Ilomba

Mwezeshaji, Mungu akubariki. Habari ya gunia umeniandika mimi, ila mimi ni nyanya na vitunguu.

Naomba niseme kitu ambacho hawakisemi ukumbini. Shida yangu si kutojua, shida ni nyumbani. Nikifika jioni hela inaonekana, na kila mtu ana jambo. Baba watoto anataka nauli, mkubwa anataka hela ya mtihani, shemeji amepiga simu kutoka Kyela kuna msiba. Nikisema hii ni hela ya mzigo naonekana nina roho mbaya. Naomba mnisaidie kwa hilo, maana daftari ninalo na kalamu ninayo.

Mdau_Mlandege

Nafuatilia. Iringa nako ni hivyo hivyo.

Mwezeshaji_Uyole

Mama, swali lako ni zito na lina ushahidi nyuma yake. Dar es Salaam mwaka 2008 wateja wa taasisi moja ya mikopo midogo walifundishwa biashara na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaume walioingia mafunzoni biashara zao zilikua. Wanawake walielewa masomo sawasawa na wanaume, lakini faida yao haikupanda kwa kiwango hicho. Moja ya sababu zilizotajwa ni mzigo wa majukumu ya nyumbani. Kwa hiyo anayekwambia huna nidhamu ya fedha hakutendei haki.

Ninachoshauri ni kwamba hela ya mzigo isifike nyumbani. Ukimaliza kuuza, kabla hujafunga genge, mlipe mwenye mzigo wako wa kesho au umwekee hata nusu. Tenga nyanya na vitunguu vya kesho pale pale. Hela iliyokwisha kuwa tenga la nyanya hakuna anayeiomba nauli. Kama muuzaji wa jumla hayupo jioni, iweke kwenye simu kwa laini ambayo huitumii kwa mambo mengine.

Pili, jilipe kiasi kile kile kila siku. Kwenye ule mfano wa viazi faida ilikuwa 9,000 kwa siku mbili. Mama yule anaweza kujiandikia 3,000 kwa siku kama ujira, na 1,500 ikabaki kukuza mtaji. Nyumbani unasema kwa moyo safi: leo nimelipwa elfu tatu. Kiwango hicho watu watakizoea, na shemeji atachangiwa kutoka humo.

Tatu, na hili nawaambia waandaaji wa mafunzo kila ninapopata nafasi: waume waalikwe kikao kimoja, cha daftari. Waone gunia linavyoliwa. Wengi hawajui, na wakijua wanabadilika bila ugomvi.

Kijana_wa_Kabwe

Mkuu naheshimu hoja zako ila mnazunguka. Tatizo ni mtaji. Nimekaa semina, faida na hasara nazijua, kuandaa andiko la mradi najua. Nauza vifaa vya simu kwenye meza, nikipata milioni mbili nafungua fremu na nitaajiri mwenzangu. Elimu bila hela inasaidia nini?

Mwezeshaji_Uyole

Ndugu yangu, hoja yako siipuuzi. Mtaji ni lazima. Lakini katika utafiti ule ule wa Dar baadhi walipewa ruzuku ya fedha, hela ya bure kabisa, na ruzuku hiyo haikuonekana kuongeza faida zao. Hela inafuata njia iliyopo. Kama njia ina mashimo, ikiwa nyingi inapotea nyingi.

Nikuulize mambo matatu, unijibu hapa hapa kwa faida ya wote. Kati ya bidhaa zilizo mezani, ipi imekaa zaidi ya miezi mitatu bila kuuzwa? Umekopesha wateja kiasi gani mpaka leo? Na kodi ya fremu unayoitaka ni sawa na faida ya siku ngapi za mwezi?

Kijana_wa_Kabwe

Makava ya simu za zamani yamekaa, yapo kama ya laki moja na nusu. Madeni sijaandika, ila nadhani yanafika laki. Kodi wanataka miezi sita mbele. Faida ya kwangu kwa siku sijawahi kuikata vizuri. Ngoja nikaitafute nirudi.

Maendeleo_ya_Jamii

Habari za jioni wana uzi. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri mojawapo ya mkoa wa Iringa, sitaitaja. Kijana wa Kabwe amegusa mtaji, na kwa kuwa mkopo wa halmashauri unapita mikononi mwetu, niseme ninachokiona.

Sheria ilirekebishwa 2018 ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Mwaka 2023 Serikali iliusimamisha baada ya hoja za ukaguzi kuhusu fedha ambazo hazikurejeshwa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha nzuri kuliko zote zinazopatikana kwa mtu wa chini, na inaniuma ninapoona inaharibika.

Inaharibika hivi. Tangazo likitoka, ndani ya wiki mbili vikundi vinazaliwa. Watu watano, mmoja anashona, mmoja ana genge, mmoja ana bodaboda, wawili hawana kitu. Wanaandika mradi wa kuku kwa sababu wamesikia kuku wanapitishwa. Hela ikitoka wanagawana, kila mtu anaenda na fungu lake. Marejesho ya tatu mmoja amehamia Tunduma hapokei simu, waliobaki wanalipa deni la mtu. Siwalaumu, maana walitaka mkopo na njia pekee waliyoonyeshwa ilikuwa kikundi na kuku.

Kikundi ninachokiamini kinakuja na historia. Wamecheza pamoja mchezo wa kupeana hela kwa zamu, au wana kikoba chao cha kuweka na kukopa, wana kitabu cha hisa na faini, wanajua nani akisema kesho ni kesho kweli. Nikiwauliza "mwaka jana nani alichelewa kulipa na mlifanyaje?" wote wanaangaliana, halafu mmoja anajibu. Hapo najua kikundi ni cha kweli.

Nawaombeni sana mlio vijijini na mitaani, msisubiri tangazo. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako sasa hivi, akutembelee ukiwa bado huhitaji chochote. Na mkifika hatua ya kuandika ombi, andikeni biashara mnayoifanya tayari, hata kama ni ulanzi na mkaa. Na muombe marejesho yaanze baada ya mavuno. Sisi tunaokaa upande huu tunaweza kulitetea hilo kwenye kikao, lakini lazima liwe limeandikwa.

Mama_wa_Ipogolo

Afisa asante. Kwenye ile asilimia 2 naomba watu wasikate tamaa. Hapa Iringa Neema Crafts ilianza 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi, ikiwa kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Leo wanafuma, wanashona, wana mgahawa, na wageni wanakuja mpaka kutoka nje ya nchi kununua. Walifundishwa wakiwa kazini, kwa bidhaa yenye mnunuzi. Mwanangu hasikii, ndiyo maana najua habari zao.

Ndizi_za_Kiwira

Ndaga fijo mleta mada. Mimi nazungumzia upande wa mzigo unaosafiri.

Huku Rungwe ndizi hazikatiki, na sasa parachichi nazo zimekuja kwa kasi. Mtu anakusanya mikungu, anaijaza kwenye lori la Dar, na mzigo unaenda kwa mali kauli: utauzwa ndipo ulipwe. Unakaa Kiwira unasubiri simu. Simu ikija inakwambia soko limeanguka, mikungu kadhaa imeiva njiani, punguza bei. Utabisha na nani? Hujaliona soko, hujaiona mikungu, na lori limesharudi.

Semina niliyoenda tulifundishwa "huduma kwa mteja", tutabasamu. Nilitamani kufundishwa kuandika karatasi moja: mikungu mingapi imepakiwa, ya ukubwa gani, nani ameipokea, bei ya chini ambayo asiuze bila kunipigia. Karatasi hiyo nilikuja kuipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akisafirisha viazi zamani. Akanipa na jambo jingine: tafuteni watu watatu msafirishe pamoja, mmoja asafiri na mzigo, kwa zamu. Nauli ya mtu mmoja mkigawana watatu ni ndogo kuliko hasara ya simu moja. Tumefanya hivyo, na bei tunayopokea imekuwa ya kueleweka. Yule mzee hajawahi kuitwa kufundisha mahali popote.

Mwezeshaji_Uyole

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Nyanda za Juu zimejaa wazee na wamama waliosafirisha viazi, mbao, mchele na vitunguu kwa miaka mingi, wameanguka wakainuka, na ukumbini analetwa mtu mwenye projekta. Wangelipwa posho ile ile wakae na vijana wanne wanne sokoni, mara moja kwa wiki, kwa miezi sita. Hata waandaaji wangetumia hela kidogo kuliko kukodi ukumbi na chakula.

Mwalimu_Kihesa

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Elimu ya biashara imepata nafasi kubwa zaidi katika mtaala ulioboreshwa, na nina furaha nayo, ila hofu yangu ni watoto kukariri "sifa saba za mjasiriamali" wakafaulu mtihani bila kujua bei ya nyanya.

Nilichokifanya na wanafunzi wangu ni kuwapa nyanya za Ilula. Kila kikundi kilichagua muuzaji mmoja, kikaandika bei ya tenga kila Jumamosi kwa muhula mzima, na sababu ambayo muuzaji mwenyewe aliitoa. Bei ilipanda, ikaanguka, ikapanda. Watoto waliona wenyewe kwamba bei ikiwa nzuri kila mtu anapanda nyanya, na zikiiva zote pamoja barabara yote ya Ilula inakuwa nyekundu na tenga halinunuliki. Binti mmoja akauliza kwa nini wasipande kwa kupishana. Tukakaa na swali hilo kipindi kizima. Wazazi wengine walilalamika kwamba nawapeleka watoto sokoni badala ya darasani, nikawaonyesha madaftari, wakanyamaza. Wengine wakaanza kuyasoma.

Makambako_Stendi

Naomba tuseme na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Hapa stendi mtu anakopa laki moja, anakatwa elfu kumi ya fomu anapokea tisini, baada ya mwezi analipa laki na thelathini. Dhamana ni kadi ya benki na namba ya siri, au kitanda, au cherehani. Wamama wa chakula wanakopa huku kulipa kule. Mafunzo yoyote yasiyogusa hili yanamwagia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mwezeshaji_Uyole

Kweli kabisa, na kwa mfano wako hesabu iko wazi: amepokea 90,000 akalipa 130,000, gharama ni 40,000 kwa mwezi mmoja. Mama wa chakula mwenye mtaji wa 90,000 lazima atengeneze 40,000 ya mkopeshaji kabla hajajilipa hata senti. Naandika hesabu hii ubaoni wazi wazi, wanainama kimya, halafu mmoja anaanza kuhesabu ya kwake.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha kama biashara kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na vikundi vyenyewe vya kijamii, vikoba na vinginevyo, vinasajiliwa kama daraja la nne. Asiyekuonyesha leseni, asiyekupa mkataba wa kusoma, anayetaka namba yako ya siri, huyo muogope. Na walio ndani tayari, kitu cha kwanza ni kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, kila mkopeshaji na tarehe yake, kisha kuacha kukopa jipya la kulipia la zamani. Kikundi cha akiba kikiweza kumtoa mwenzao mmoja mmoja, kwa kumlipia deni lote kisha awarudishie taratibu, hiyo ni kazi kubwa kuliko kugawana faida mwisho wa mwaka. Nimeona kikundi kimoja Mbalizi kikifanya hivyo, na wote waliotolewa wamerudisha.

Moto_wa_Mwanjelwa

Kwa wasiojua, Soko la Mwanjelwa liliungua 2006. Wengi wetu tulihamia soko la SIDO, na SIDO nako kukaungua 2017. Kuna watu walipoteza mzigo mara mbili.

Ninachotaka kusema ni kuhusu daftari. Lile linalokaa sokoni liungue peke yake. Kila Jumapili piga picha kurasa za wiki kwa simu, umtumie mtoto wako au mtu unayemwamini. Baada ya moto waliokuwa wakiwadai wateja hawakuwa na karatasi yoyote ya kudai. Na usilaze mzigo wote sehemu moja kama unaweza kuepuka. Bima za vikundi zipo, ulizeni, msiogope neno bima.

Karanga_Mafinga

Natengeneza siagi ya karanga nyumbani, ladha wanaisifu, lakini maduka makubwa ya Iringa wananiambia bila nembo ya ubora hawapokei. Nianzie wapi? Nilimwendea mtu mmoja akasema nimpe laki tatu anifanyie kila kitu.

Mwezeshaji_Uyole

Usimpe. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, Iringa mjini. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama wewe. Watakutazama unavyotengeneza, watakushauri kuhusu chumba na vifungashio, kisha watakupa barua ya utambulisho kwenda TBS, Shirika la Viwango, ambako mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo ana utaratibu wa nafuu wa ada mwanzoni. Usajili wa vyakula vilivyosindikwa nao uko TBS tangu 2019, hivyo usitumwe kwingine. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mwenyewe kwa mtandao, mtoto wa chuo yeyote atakusaidia.

Kwa karanga kuna jambo la hatari: sumukuvu. Karanga zilizonyeshewa au kuhifadhiwa na unyevu zinaota ukungu, na sumu yake haitoki yote kwa kukaanga. Chambua kwa mkono kabla ya kukaanga, tupa zilizosinyaa na zenye rangi, wala usizitupe kwa kuku. Maabara wataipima, na mteja wako ni mtoto wa mtu.

Kijana_wa_Kabwe

Nimerudi wakuu. Nimeandika wiki moja kama ulivyosema. Faida kwa siku baada ya chakula na ushuru ni kama 6,500, Jumamosi inafika 11,000. Madeni ya wateja si laki, ni 164,000. Makava nimeanza kuyauza kwa bei niliyonunulia, yametoka nusu, nimeongeza chaja ambazo ndizo zinaulizwa. Fremu nimeiahirisha kwanza.

Sasa nina hofu moja na najua wengi wanayo hawasemi. Nikiwa na daftari lenye mauzo yote, watu wa kodi, TRA, wakija si nimejikaanga mwenyewe?

Mwezeshaji_Uyole

Hongera sana ndugu yangu. Ile 164,000 ndiyo mtaji wako wa kwanza, anza kuidai kwa upole leo.

Kuhusu TRA, daftari linakulinda. Kodi ya mfanyabiashara mdogo asiye na hesabu za mkaguzi inakadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi hiyo. Kuanzia milioni 4 mpaka 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme mauzo yako ni milioni 5: bila daftari ni 100,000, kwa daftari ni 3% ya milioni moja, yaani 30,000. Daftari la shilingi elfu moja limekuokolea elfu sabini. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, hivyo kila mwaka uliza kabla ya kukadiriwa.

Andika tarehe, ulichouza, ulichonunua kwa ajili ya biashara, na ulichojilipa. Tunza risiti za mzigo kwenye bahasha ya kila mwezi. Mwanzoni mwa mwaka nenda mwenyewe ofisini na daftari lako, usimtume mtu, uombe ukadiriwe kwa mauzo uliyoandika. Malipo yanagawanywa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa huku kwetu awamu ya Machi ndiyo inayobana, kwa kuwa inakuja baada ya Januari na Februari za ukame wa hela, basi anza kuitenga tangu Oktoba, kidogo kidogo, wakati hela ya mpunga na mahindi bado inazunguka mjini.